Tarehe Kwanza, Picha Baadaye

Ai Ohto ana miaka 14 na ameacha kwenda shule. Usiku anatoka peke yake, amevaa koti la njano lenye ua la alizeti, nywele za mbele zimefunika jicho moja. Macho yake hayafanani rangi, na shuleni walimcheka kwa sababu hiyo. Rafiki yake wa pekee, Koito, amekufa kwa kuanguka kutoka paa la shule. Ai anapata yai. Akilala, analivunja ndotoni, na ndani yake anatoka msichana aliyejiua, ambaye inabidi alindwe na yale yaliyomtesa alipokuwa hai.

Ndivyo ilivyoanza Wonder Egg Priority, anime ya sehemu 12 iliyoanza kurushwa na Nippon TV Januari 2021. Wachoraji wake waliona mambo ambayo wengi huyapita: bega linalojikunja mtu anapoulizwa asichotaka kujibu, vidole visivyojua pa kukaa. Mwandishi, Shinji Nojima, alikuwa na jina kubwa katika tamthilia za televisheni za Japani tangu miaka ya 1990. Kōkō Kyōshi ya mwaka 1993, kuhusu mwalimu na mwanafunzi wake, ilizungumzia mambo ambayo familia nyingi zilikuwa hazitaki kuyataja sebuleni. Wonder Egg Priority ilikuwa mara yake ya kwanza kuandika anime. Sifa zikavuma, na wapo walioiita anime ya mwaka kabla haijafika nusu.

Kisha ikaja sehemu ya 8. Wiki hiyo hadithi haikusonga. Watazamaji walipewa mkusanyiko wa picha walizokwisha kuziona, kwa sababu kazi ilikuwa imechelewa. Machi ikaisha na sehemu ya 12 nayo ikaisha, lakini hadithi haikuisha. Mwisho wenyewe ulisogezwa hadi mwishoni mwa Juni, katika kipindi maalumu cha saa moja ambacho karibu nusu yake ilikuwa marudio tena. Katika dakika zilizobaki, kifo cha Koito, kilichokuwa moyo wa hadithi nzima, kilielezwa mbiombio. Frill, adui aliyeletwa katika sehemu ya 11, hakupata hitimisho lolote.

Lawama nyingi zilimwangukia Nojima, na hazikukosa haki. Kuleta adui mpya hadithi ikiwa mlangoni kutoka ni kosa la fundi anayejua sana kazi yake. Hata hivyo, hadithi isiyo na mwisho mzuri ni jambo moja, na filamu isiyokamilika siku ya kurushwa ni jambo jingine. La pili lina historia ndefu, na anayependa anime anastahili kuijua.

Tarehe 1 Januari 1963, Fuji TV ilionyesha sehemu ya kwanza ya Tetsuwan Atom, ambayo nje ya Japani inajulikana kama Astro Boy. Aliyeitengeneza, Osamu Tezuka, alikuwa mchoraji mashuhuri wa vitabu vya katuni na mwenye studio changa, Mushi Production. Aliahidi jambo ambalo wenzake waliliona haliwezekani: katuni ya nusu saa kila wiki. Hesabu inaonyesha kwa nini walitia shaka. Filamu hupita fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo dakika 24 ni fremu 34,560. Hata kila mchoro ukishikiliwa kwa fremu tatu, bado ni michoro 11,520, kila wiki, kwa mkono. Tezuka alipunguza penye kupunguzika. Mdomo ulisogea uso ukiwa umetulia. Picha za Atom akiruka zilihifadhiwa na kutumiwa tena na tena.

Alipunguza na bei pia. Aliiuza kazi chini ya gharama yake, akitegemea fidia itokane na bidhaa na mauzo ya nje. Kwa muda hesabu zake zilikubali: kampuni ya Meiji, mdhamini wa kipindi, iliweka vibandiko vya Atom kwenye chokoleti zake, na mwaka huohuo Wamarekani wakaanza kuitazama. Lakini vituo vya televisheni vilikuwa vimeshazoea bei ndogo na kipindi cha kila wiki. Mwaka 1973 Mushi Production ilifilisika. Mazoea yale hayakufa nayo, na mpaka leo wengi wanaochora picha za katikati, zile zinazounganisha mkao mmoja na mwingine, hulipwa kwa idadi ya michoro.

Mfano uliowauma wengi zaidi ulikuja na Neon Genesis Evangelion ya Hideaki Anno, iliyorushwa na TV Tokyo kuanzia Oktoba 1995. Watu walisubiri vita vya mwisho vya majitu na malaika. Machi 1996, katika sehemu ya 25 na ya 26, waliona viti, maandishi, picha za mnato na michoro ya penseli isiyopakwa rangi, kisha wahusika wote wakasimama kumpigia makofi kijana Shinji, mhusika mkuu, na kumpongeza. Muda ulikuwa umekwisha. Mwaka uliofuata Anno alipata nafasi ya kutengeneza mwisho mwingine katika filamu ya sinema, na ndani yake akaonyesha ujumbe wa hasira aliotumiwa na watazamaji.

Baada ya Evangelion, desturi ya kamati ya wawekezaji ilienea. Kampuni ya muziki, mchapishaji, kituo cha televisheni na mtengeneza vinyago huchanga fedha na kugawana haki, ilhali mara nyingi studio inayochora hupewa malipo ya kazi tu. Wimbo, diski na vinyago vyote vina tarehe zake. Kila mmoja anashika kalenda kwa nguvu kuliko anayeshika penseli.

Studio ya Wonder Egg Priority, CloverWorks, ilikuwa na mifululizo mitatu hewani msimu uleule wa Januari 2021. Wa pili ulikuwa Horimiya. Wa tatu ulikuwa msimu wa pili wa The Promised Neverland, uliongojewa kwa miaka miwili. Msimu wa kwanza ulitumia sehemu 12 kusimulia sura 37 za kitabu cha katuni ilikotoka hadithi. Wa pili ulipewa sehemu 11 kufika mwisho wa sura 181. Sehemu ya mwisho ilimalizia safari ya watoto wa hadithi hiyo kwa picha za mnato zilizopita moja baada ya nyingine, pasipo maneno, juu ya muziki.

Ai naye aliachwa njiani. Katika dakika za mwisho za kipindi maalumu ameshahamia shule nyingine na kuwapoteza marafiki aliowapata baada ya Koito, kisha anaamua kurudi kumtafuta mmoja wao, Neiru. Anafika kwa mbio, na hapo picha inakatika.