Tembe za Unyanyembe

Tembe ni nyumba ya zamani ya Unyanyembe, nchi ambamo leo umo mji wa Tabora. Kuta zake ni nene, za udongo. Paa ni bapa, la miti na nyasi, na juu yake udongo ulioshindiliwa. Rangi, gundi na vanishi za viwandani, ambazo mvuke wake huwatesa watu wasiostahimili kemikali, hazikuwamo kabisa. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu wa njia ya misafara nao walijenga tembe, kubwa zaidi. Moja iko Kwihara, sasa makumbusho. Wasafiri Stanley na Livingstone walifikia humo Februari 1872, na Livingstone akakaa hadi Agosti.

Lakini kukosa kemikali hakukutosha kuifanya nyumba salama. Madirisha yalikuwa madogo, hivyo moshi wa kuni ulijaa ndani. Mbaya zaidi ni papasi, aina ya kupe: mchana hujificha kwenye nyufa za ukuta na vumbi la sakafu, usiku hutoka kuwauma waliolala na kuwaambukiza homa. Ndiyo maana kukandika nyufa upya kulikuwa kazi ya afya, si ya urembo tu.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Saruji na mabati vikawa rahisi kusafirisha, na tembe zikazidi kupungua.