Limuru 1966: KANU Ilipopasuka

Chama cha KANU cha Kenya kilizaliwa mwaka 1960 kikiwa na kambi mbili ndani yake. Oginga Odinga alikuwa makamu wa rais wa chama, Tom Mboya katibu mkuu, na wawili hao hawakuwa wakipikika chungu kimoja. Madai ya uhuru na ya kufunguliwa kwa Jomo Kenyatta ndiyo yaliyowaweka pamoja. Baada ya Desemba 1963 madai hayo yalikuwa yamekwisha kutimia.

Wengi wameueleza mgogoro huo kama tawi la Vita Baridi: Odinga wa Mashariki, Mboya wa Magharibi. Misaada ya nje ilikuwapo kweli, kwa pande zote mbili, lakini kiini cha ugomvi kilikuwa ardhi. Serikali ilinunua mashamba ya walowezi kwa mikopo, kisha wananchi waliogawiwa wakatakiwa kuyalipia. Bildad Kaggia, mfungwa mwenzake Kenyatta wa Kapenguria, alitaka wasio na ardhi wapewe bure, na msimamo huo ulimng'oa katika unaibu waziri mwaka 1964. Mwaka uliofuata ukatoka Waraka wa Bunge Namba 10, uliobeba jina la ujamaa wa Kiafrika huku ukilinda mali ya mtu binafsi.

Aprili 1965 Kenyatta alikwenda Kandara, jimboni kwa Kaggia mwenyewe, na mbele ya umati akamuuliza amejifanyia nini. Wenzao wa kifungoni, alisema, tayari walikuwa na mashamba na biashara. Swali hilo linaieleza itikadi ya wakubwa wa chama kuliko waraka wowote.

Mrengo wa kushoto wa Odinga na Kaggia ulikuwa umeshadhoofika. Chama cha upinzani cha KADU kilijivunja Novemba 1964, na wabunge wake wakajiunga na KANU na kuwaongezea nguvu wahafidhina. Pio Gama Pinto, mpangaji mikakati wa kambi ya Odinga, aliuawa kwa risasi Nairobi mnamo Februari 1965.

Pigo la mwisho lilitoka kwenye katiba ya chama. Katika mkutano wa Limuru, Machi 1966, cheo cha makamu wa rais kilifutwa na kuundwa vyeo vinane, kimoja kwa kila mkoa pamoja na Nairobi. Odinga akabaki bila kiti. Kaggia alishinda kura ya Mkoa wa Kati. Kura ikarudiwa, na safari hiyo akashinda James Gichuru wa kambi ya wahafidhina.

Aprili Odinga alijiuzulu umakamu wa rais wa nchi na kuongoza chama kipya cha upinzani, KPU. Bunge likabadili katiba haraka ili waliohama chama warudi kwa wapiga kura. Katika uchaguzi mdogo wa Juni, KPU ilipata viti 9 kati ya 29, na Kaggia akaangushwa Kandara. Baada ya ghasia na mauaji ya Kisumu ya Oktoba 1969, chama hicho kilipigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini. Alirudi bungeni kwa uchaguzi wa Desemba 1992, akiwa na umri wa miaka 81.