Kano ya kisigino: Kamba inayoubeba mwili mzima

Nyuma ya mguu, baina ya shavu na kisigino, kuna kamba ngumu ambayo mtu yeyote anaweza kuipapasa kwa vidole viwili. Hiyo ndiyo kano ya kisigino, iliyo nene na yenye nguvu kuliko kano zote za mwili wa binadamu. Kwa mtu mzima, urefu wake ni sentimita 15 hivi.

Kano ni nyuzi ngumu zinazoshikanisha msuli na mfupa. Hii hutokana na misuli miwili ya shavu la mguu. Wa kwanza, unaolipa shavu umbo lake la mviringo, huanzia kwenye mfupa wa paja, juu kidogo ya goti. Wa pili ni bapa, umefunikwa na ule wa kwanza, na huanzia kwenye mifupa iliyo chini ya goti. Yote miwili huungana kuwa kano moja inayojishikiza nyuma ya mfupa wa kisigino.

Misuli hiyo inapojikaza, kano huvuta kisigino juu, na vidole vikasukuma ardhi. Kwa wakimbiaji wanaofanyia mazoezi Iten, kano hii ni kama springi: hunyumbuka mguu unapokanyaga, kisha hujirudi na kumsukuma mtu mbele. Wakati wa mbio, mzigo wake waweza kupita mara sita ya uzani wa mwili. Yaani kwa mtu wa kilo 70, kano moja huvutwa kwa nguvu inayozidi kilo 400.

Madaktari huiita kwa jina la Achilles, shujaa wa ngano za Ugiriki ambaye mwili wake, kwa mujibu wa simulizi, haukudhurika ila kisiginoni. Kano nayo ina udhaifu wake. Sehemu iliyo kati ya sentimita 2 na 6 juu ya kisigino hupata damu kidogo, na hapo ndipo inapokatika mara nyingi.

Wanaoumia zaidi ni wanaume wa umri wa kati ya miaka 30 na 50, hasa wale wanaoketi ofisini wiki nzima kisha wakaingia uwanjani Jumapili. Hata wachezaji wa kulipwa hawasazwi: David Beckham alikatika kano hii Machi 2010, akakosa Kombe la Dunia nchini Afrika Kusini. Aidha, baadhi ya antibiotiki, ikiwemo ciprofloxacin, zaweza kuidhoofisha, hasa kwa waliopita miaka 60. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali kuhusu hatari hiyo mwaka 2008.

Inapokatika, majeruhi husikia mlio na kudhani amepigwa teke. Akigeuka, haoni mtu. Hata hivyo, aweza bado kuchechemea na kuchezesha vidole, kwa kuwa misuli mingine ya mguu ingali mizima. Ndiyo maana wengi huambiwa wameteguka tu, wakakandwa kwa mafuta na maji moto. Lakini kukanda hakuungi kano. Kadiri siku zinavyopita, ncha mbili huzidi kuachana na tiba ikawa ngumu.

Madaktari wana jaribio rahisi. Mgonjwa hulala kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda, kisha shavu la mguu likabinywa. Kano ikiwa nzima, wayo huinama wenyewe. Usipotikisika, yamkini kano imekatika.

Tiba huwa ni upasuaji, au kufungwa plasta huku vidole vimeelekezwa chini, kisha mazoezi ya kuurejeshea mguu nguvu. Kurudi uwanjani huchukua miezi sita au zaidi. Kwa hivyo, anayeshindwa kusimama kwa ncha za vidole vya mguu ulioumia hapaswi kungoja uvimbe upungue. Mahali pake ni hospitalini, siku iyo hiyo, bila ya kuukanyagia mguu huo.