Nyumba ya kuta nne: Jinsi afya ya Kimaori ilivyoingia darasani New Zealand

Novemba 14, 2024, mbunge kijana wa New Zealand, Hana-Rawhiti Maipi-Clarke, alisimama bungeni mjini Wellington, akachana nakala ya muswada uliokuwa ukijadiliwa na kuanza kucheza haka. Wenzake wakaitikia, Spika akasimamisha kikao, na video yake ikazunguka dunia nzima. Muswada wenyewe, uliotaka kufafanua upya misingi ya Mkataba wa Waitangi wa 1840 kati ya Wamaori, wenyeji asilia wa nchi hiyo, na dola ya Uingereza, ulikataliwa Aprili 2025 kwa kura 112 dhidi ya 11. Hata hivyo, Juni mwaka huohuo Maipi-Clarke alisimamishwa ubunge kwa siku saba.

Walio mbali waliitambua haka kwa sababu ya raga: ndiyo ngoma inayochezwa na timu ya taifa, All Blacks, kabla ya mechi. Kwa mtoto wa New Zealand haka ni zaidi ya hapo. Hufundishwa shuleni na hutahiniwa, na imebeba swali ambalo nchi hiyo imebishania kwa zaidi ya karne moja: mtoto afundishwe nini kuhusu mwili na afya yake, na kwa busara ya nani?

Mwanzoni jibu lilikuwa kwata. Sheria ya Elimu ya 1877, iliyoanzisha shule za msingi za bure na za lazima, iliagiza wavulana wafundishwe kwata ya kijeshi. Mwaka 1901 ikapitishwa sheria ya mazoezi ya viungo kwa shule za umma na zile zilizoitwa shule za wenyeji. Mwaka 1912 Royd Garlick aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa elimu ya viungo, na mwaka huohuo ikaanzishwa huduma ya madaktari wa shule. Mwalimu alitoa amri, watoto wakainua mikono kwa pamoja. Baadaye walimu walifuata silabasi iliyotungwa Uingereza mwaka 1933.

Afya nayo ilipimwa kwa mizani. Mwaka 1919 Dk. Elizabeth Gunn, daktari wa shule, alifungua kambi ya kwanza ya afya ya watoto huko Turakina, karibu na mji wa Whanganui. Watoto waliodhoofu walilala kwenye mahema, wakala wakashiba, wakaota jua na kufuata ratiba kali kama ya askari. Walipoondoka walipimwa uzito, na kilo walizoongeza ndizo zilizohesabiwa kuwa ushindi. Mwaka 1937 serikali ya chama cha Labour ilianza kugawa maziwa ya bure shuleni, mpango uliodumu hadi 1967.

Si haki kuyadharau hayo. Maziwa yalimfaa mtoto mwenye njaa, na daktari wa shule aligundua magonjwa ambayo mzazi hakuyaona. Kasoro ilikuwa mahali pengine. Mtoto alitazamwa kama mwili tu, bila ukoo, bila lugha, bila ardhi. Aliyeumia zaidi kwa mtazamo huo ni mtoto wa Kimaori.

Shule za wenyeji zilianzishwa kwa sheria ya 1867 na ziliendelea hadi 1969. Zilifundisha kwa Kiingereza, na watoto wengi walichapwa kwa kuzungumza lugha ya mama zao. Somo la afya kwao lilikuwa sabuni, kuchana nywele na usafi wa kucha, kana kwamba ukoo uliowalea haukuwa na ujuzi wowote wa kutunza uhai. Elimu ya vitabu nayo ilibanwa. Chuo cha Te Aute kilikuwa kimetoa vijana wa Kimaori waliofika hadi chuo kikuu, lakini tume ya mwaka 1906 ilikisukuma kigeukie kilimo. Msomaji wa Afrika Mashariki ataitambua njia hiyo. Tume ya Phelps-Stokes ilipozuru kanda yetu mwaka 1924 ilipendekeza mambo yanayofanana: Mwafrika afundishwe zaidi kazi za mikono.

Brendan Hokowhitu, msomi wa Kimaori, ameifuatilia historia hii hadi kwenye viwanja vya michezo. Katika makala yake ya 2004 kuhusu uanaume wa Kimaori anaeleza jinsi dola ilivyojenga picha ya Mmaori kuwa mtu wa misuli, wa kusifiwa anapobeba mpira na kutiliwa shaka anaposhika kalamu. Onyo hilo ni zito kwa kila mwalimu wa michezo. Kumshangilia mtoto uwanjani kunaweza kuwa njia ya kumfungia mlango wa maabara.

Mlango wa kwanza wa mabadiliko ulifunguliwa na mgeni. Philip Smithells, Mwingereza aliyefika nchini humo mwaka 1939 kusimamia elimu ya viungo, hakuridhika na kwata. Aliingiza katika vipindi vya michezo shughuli za Kimaori, zikiwemo poi, yaani ngoma ya kuzungusha mipira yenye kamba, na michezo ya kurushiana fimbo kwa mdundo. Kisha akaongoza shule ya elimu ya viungo iliyoundwa katika Chuo Kikuu cha Otago mwaka 1947, na humo wakaandaliwa walimu wa vizazi kadhaa. Lakini poi na fimbo vilibaki kitoweo; chakula chenyewe kilikuwa kilekile.

Chakula chenyewe kilibadilika kutokana na kazi ya Wamaori wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Jumuiya ya Ustawi wa Wanawake wa Kimaori iliendesha utafiti mkubwa wa afya, uliopewa jina la Rapuora. Katika maandalizi yake, mwaka 1982, daktari wa magonjwa ya akili Mason Durie aliwaeleza washiriki mfano alioupa jina la Te Whare Tapa Whā: nyumba ya kuta nne. Ukuta mmoja ni mwili. Wa pili ni akili na hisia. Wa tatu ni familia na ukoo. Wa nne ni roho. Ukuta mmoja ukibomoka, nyumba nzima inayumba, hata kama kuta nyingine zimepakwa rangi vizuri.

Durie hakudai kuvumbua jambo jipya. Wazee wa Kimaori walikuwa wakisema hivyo vikaoni kwa miaka mingi, na hospitali zilikuwa hazisikii. Alichofanya ni kuyapanga mawazo yao kwa namna ambayo muuguzi, mwalimu na ofisa wa wizara wangeshindwa kuyakwepa. Mwaka huohuo wa 1982 shule ya kwanza ya chekechea inayotumia Kimaori, kōhanga reo, ilifunguliwa Wainuiomata. Miaka mitano baadaye Kimaori kikawa lugha rasmi ya taifa.

Hatua ya shule ilikuja mwaka 1999. Mtaala mpya uliunganisha somo la afya, elimu ya viungo na sehemu ya sayansi kimu kuwa eneo moja la kujifunza. Waandishi wake wakuu walikuwa wawili: Ian Culpan upande wa elimu ya viungo, na Gillian Tasker upande wa afya. Culpan alikuwa mkufunzi mjini Christchurch.

Mtaala huo ulisimama juu ya dhana nne. Ya kwanza ni hauora, yaani ustawi wa mtu kwa kuta zote nne za Durie. Pili ni mitazamo na maadili. Tatu, mwanafunzi aone jinsi mtu, wenzake na jamii vinavyoathiriana. Nne ni ukuzaji wa afya, wazo lililotokana na Azimio la Ottawa la 1986. Kwa maneno ya darasani, mwalimu wa mbio haishii kushika saa. Wanafunzi huulizwa kwa nini wasichana wengi huacha michezo wakifika umri fulani, nani hana kiwanja karibu na kwao, matangazo ya biashara yanawaambia nini kuhusu umbo la mwili, na darasa linaweza kufanya nini kubadilisha hali hiyo. Kipindi cha lishe hakimalizikii kwenye orodha ya vitamini. Hugusa bei ya chakula na nani anapika nyumbani.

Walimu waliozoea filimbi na koni waliona wameletewa sosholojia uwanjani. Lakini ukosoaji uliouma zaidi ulitoka kwa Wamaori. Sharyn Heaton, miongoni mwa wengine, alihoji jinsi hauora ilivyofupishwa ili itoshee kwenye waraka wa serikali. Roho, kwa Wamaori, haitengani na mababu, mito na milima. Kwenye mtaala ikasomeka zaidi kama maadili na imani za mtu binafsi. Ardhi, ambayo ndiyo msingi wa nyumba yoyote, ilikosa nafasi yake. Wakosoaji hawakutaka nyumba ya Durie iondolewe shuleni. Walitaka iingie nzima.

Hoja yao ilipata ushahidi usiotarajiwa mwaka 2005, kupitia kampuni ya vyakula ya McDonald's. Kampuni hiyo ilizindua nchini Marekani mpango wa kufundisha watoto michezo ya mataifa mbalimbali katika shule takriban 31,000. Mchezo uliochaguliwa kutoka New Zealand haukuwa raga wala netiboli. Ulikuwa ki-o-rahi, mchezo wa kale wa Wamaori. Habari zilipofika nyumbani zilileta mshangao na aibu, kwa sababu watu wengi wa New Zealand hawakuwahi kuusikia. Mtoto wa Marekani angeujua mchezo huo kabla ya mtoto wa Auckland. Ikaongezeka karaha ya pili: hazina ya mababu ilikuwa ikitangazwa na muuzaji wa chipsi.

Ki-o-rahi huchezwa kwenye uwanja wa duara. Katikati kuna shabaha, na pembeni zimesimama nguzo saba. Timu moja hugusa nguzo kwa mpira kisha hujaribu kuuingiza ndani ili ivune pointi. Timu nyingine hulenga shabaha ya kati. Uwanja wenyewe unasimulia hadithi ya Rahitutakahina, aliyefunga safari kumtafuta mkewe aliyetekwa na viumbe wa msituni waitwao patupaiarehe. Kabla ya kuanza, timu mbili hukaa pamoja na kukubaliana kanuni za siku hiyo, na kikao hicho ni sehemu ya mchezo. Watoto hujifunza kupatana kabla hawajajifunza kushinda.

Mtu aliyefanya kazi kubwa kuurudisha mchezo huu ni Harko Brown, mwalimu wa elimu ya viungo kutoka kaskazini mwa nchi. Alizunguka kuufundisha, akaongea na wazee, na mwaka 2008 akachapisha kitabu cha michezo ya Kimaori, Ngā Taonga Tākaro. Kwake yeye michezo hii haikuwa burudani ya kupamba sherehe. Ndani yake mna elimu ya nyota, ya mimea, ya nasaba na ya vita, na mwalimu anayefundisha kanuni bila hadithi amefundisha nusu. Leo ki-o-rahi ina mashindano ya shule za sekondari, ushindi ambao umetokana na kazi ya walimu wenyewe.

Turudi kwenye mtaala wenyewe. Mtaala wa 2007 uliibakiza hauora na zile dhana nyingine tatu. Kisha upepo ukageuka. Mwaka 2025 serikali ya mseto iliondoa mwongozo wa elimu ya mahusiano na jinsia uliokuwa ukitumika tangu 2020, kama vyama vyake vilivyokubaliana mwaka 2023. Mtaala wote nao unaandikwa upya, huku mkazo mkubwa ukiwekwa kwenye kusoma, kuandika na hesabu. Wamaori walikuwa asilimia 17.8 ya wakazi katika sensa ya 2023, na wana kila sababu ya kuukodolea macho ukurasa wa afya. Nyumba iliyojengwa kwa miaka mingi ya vikao na utafiti inaweza kuvunjwa kwa kikao kimoja cha kamati.

Kwetu habari hii haiko mbali. Mtaala wa Tanzania ulioanza kutekelezwa Januari 2024 una somo la Utamaduni, Sanaa na Michezo kwa madarasa ya chini, na Kenya nayo imeunganisha sanaa na michezo katika mtaala wake wa umilisi. Karatasi zimekaa vizuri. Lakini katika shule nyingi kipindi cha michezo bado ndicho cha kwanza kumezwa na hesabu mtihani unapokaribia, na kikibaki hugeuka mpira wa miguu kwa wavulana huku wasichana wakitazama. Mdako, rede na kombolela hufundishwa mtaani na watoto wenyewe, na mitaa yenyewe inazidi kukosa viwanja. Bibi anayejua nyimbo za michezo hiyo na sababu zake yupo, haitwi shuleni tu.

Wanaosimamia mitaala ya Dodoma na Nairobi wawape walimu muda na kibali cha kuwakaribisha wazee hao darasani, michezo yao iandikwe kanuni na hadithi zake, na itahiniwe kama inavyotahiniwa haka. Kazi hiyo ifanyike sasa, wazee wenyewe wakiwa bado wapo kuisimulia.