Mvinyo Mbichi wa Wareno na Rubisi ya Bukoba

Juma hili, ndugu msomaji, tuzungumze kinywaji. Hatuna nia ya kumshawishi mtu anywe. Asiyekunywa na abaki na msimamo wake. Shabaha yetu ni historia, maana historia ya watu haikai katika vita na mikataba peke yake. Mara nyingi imekaa ndani ya kibuyu.

Kaskazini-magharibi ya Ureno, katika nchi ya Minho, wakulima hutengeneza mvinyo mweupe, mwepesi, wenye uchachu na gesi kidogo inayochoma ulimi. Wenyewe huuita Vinho Verde. Verde ni kijani, lakini hapa neno hilo halisemi rangi. Lasema kile ambacho sisi tunakiita kibichi. Ni mvinyo unaonywewa ungali mchanga. Kilevi chake mara nyingi ni kati ya asilimia 9 na 11. Zamani gesi ile ilitokana na mvinyo kuendelea kuchacha ndani ya chupa; siku hizi viwanda vingi huitia vyenyewe.

Mtu aliyelelewa Kashozi au Kamachumu akiuonja kwa mara ya kwanza, ulimi wake utamkumbusha nyumbani: huu ni ndugu wa rubisi! Nayo rubisi ni changa, nyepesi, chachu, yenye povu. Ndizi za pombe huvundikwa hadi ziive, humenywa, kisha wanaume huzikanyaga kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti. Juisi huchujwa, huongezwa mtama uliokaangwa na kusagwa, hufunikwa kwa majani ya migomba, na kesho yake imekuwa pombe. Baada ya siku chache imeshaharibika. Enzi za Bakama haikuwa kinywaji tu: sehemu ilipelekwa kwa mtawala, nyingine ikatolewa kwa wahenga, na hakuna posa iliyokamilika bila hiyo.

Undugu huo hauishii kwenye ladha. Mzabibu wa Minho kwa desturi haukulimwa katika shamba lake peke yake. Ulipandishwa juu ya miti na vichanja pembezoni mwa shamba, ili chini mkulima apate mahindi na mboga. Kibanja cha Mhaya nacho ni hivyo hivyo: migomba juu, mibuni katikati, maharage chini. Tena mahindi ya Minho na maharage ya Bukoba asili yao ni moja, bara la Amerika, na yalivuka bahari baada ya safari za Wareno na Wahispania.

Mreno mwenyewe hakujenga ngome Bukoba. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwezi Aprili 1498, na Wareno wakang'ang'ania pwani hadi Ngome ya Yesu ilipowatoka mwaka 1698. Lakini walituachia maneno: meza, bendera, leso, na hilo la mvinyo, ambalo ni vinho yao. Neno la pili, divai, ni la Kifaransa. Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Mfaransa, walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, na hadi leo Mkatoliki wa Bukoba husikia divai altareni. Hivyo Kiswahili kina majina mawili ya kinywaji cha zabibu, na kila jina limekuja na mgeni wake.

Sasa tujiulize. Vinho Verde ilikuwa pombe ya mkulima mdogo, ya kunywa nyumbani. Mwaka 1908 Ureno ikatunga sheria, ikaweka mipaka ya eneo lake na kulilinda jina lake. Leo kinywaji hicho kinauzwa duniani kote. Rubisi je? Serikali ya kikoloni iliiweka katika fungu moja na pombe nyingine zote "za kienyeji", jambo la leseni na polisi. Baada ya Uhuru fungu hilo halikubadilika sana. Jina la rubisi halikulindwa na mtu yeyote.

Kisha likaja pigo lenyewe. Katikati ya miaka ya 2000, mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria uligunduliwa Muleba, ukasambaa mkoani. Mgomba hunyauka, ndizi huoza zingali kwenye mkungu. Dawa ya kuutibu hakuna. Kinga ni kukata ua la dume kwa kijiti chenye panda, kusafisha visu, na kung'oa mgomba mgonjwa. Aina fulani za ndizi za pombe huambukizwa kwa urahisi kupitia wadudu wanaotembelea maua. Kaya nyingi zimeng'oa migomba iliyopandwa na mababu, na penye mgomba wa pombe pakapandwa kitu kingine.

Hatusemi rubisi itiwe kwenye chupa kama mvinyo wa Minho. Huenda uchanga wake hauwezi kufungiwa. Lakini majina ya ndizi za pombe yanaweza kuandikwa, machipukizi safi yanaweza kuhifadhiwa, na wazee wanaojua kukadiria mtama wanaweza kuulizwa wangali hai. Wakulima wa Minho hawakuwa na elimu kubwa kuliko wa Muleba. Walichopata ni taifa lililokiona kinywaji chao kuwa mali. Nasi tusingoje mgeni aje na kibuyu chetu mkononi, atufundishe jina lake.