Lenzi za Kamera za Mkanda Kwenye Kamera ya Kisasa: Soma Hii Kabla Hujanunua Adapta

Ukumbi wa harusi usiku, taa hafifu, MC anaita maharusi waingie, na kwenye kamera kuna ile lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo kwenye boksi. Picha zinatoka giza au zimetikisika. Mpiga picha wa Nyakato, Buzuruga au Igoma anaijua vizuri hali hii.

Dawa yake ni lenzi inayoingiza mwanga mwingi. Shida ni bei. Ndiyo maana wapiga picha wengi duniani wamerudi kwenye lenzi za zamani, zile za kamera za mkanda, wanazifunga kwenye kamera ya leo kwa adapta. Inafanya kazi kweli. Ila si kwa kila kamera, wala si kwa kila kazi. Ukikosea mwanzoni, hela imeenda.

Faida yake ni nini hasa?

Lenzi ya 18-55 ya kawaida, ukiivuta mpaka 55, tundu lake kubwa kabisa ni f/5.6. Lenzi ya zamani kama Helios 44-2 ya Urusi, milimita 58, inafunguka mpaka f/2. Tofauti hiyo ni mwanga mara 8. Pale ulipolazimika kuweka ISO 6400, sasa unaweza kupiga kwa ISO 800.

Faida ya pili ni muonekano: mtu anakaa vizuri, nyuma panafifia.

Adapta inafanya kazi gani?

Adapta ya kawaida ni ringi ya chuma tu. Haina glasi, haina umeme. Inafanya mambo mawili: inaishika lenzi, na inaiweka umbali sahihi kutoka kwenye kihisi, yaani ile sehemu ya kamera inayopokea picha.

Umbali huo ndio kila kitu. Kila aina ya lenzi ilitengenezwa ikae umbali wake maalumu:

- Nikon F: milimita 46.5
- M42, zile za skrubu (Zenit, Praktica, Pentax za zamani): 45.46
- Canon EF, yaani Canon DSLR: 44
- Minolta MD: 43.5
- Canon FD, Canon za mkanda: 42
- Canon RF: 20
- Sony E: 18
- Fujifilm X: 17.7
- Nikon Z: 16

Sheria ni moja: umbali wa lenzi lazima uwe mkubwa kuliko wa kamera. Nafasi inayobaki ndiyo unene wa adapta. Mfano, M42 kwenye Sony E: 45.46 toa 18, inabaki 27.46. Hapo ringi inaenea bila shida.

Kamera yako iko kundi gani?

*Mirolesi, yaani kamera zisizo na kioo ndani* (Sony E, Fujifilm X, Canon RF, Nikon Z): hapa umepata. Karibu kila lenzi ya kamera za mkanda za milimita 35 inakubali. Kamera hizi zilianza kuuzwa mwaka 2008, Sony wakaingia 2010, Canon RF na Nikon Z zikaja 2018.

*Canon DSLR:* M42 na Nikon F za zamani zinaingia. Canon FD haziingii vizuri, ingawa jina ni Canon. Kampuni iliachana na mdomo wa FD ilipoleta EF mwaka 1987, na hesabu ya 42 kwa 44 inakataa. Angalia pia nyuma ya lenzi: baadhi zimechomoza na zinaweza kugusa kioo cha kamera.

*Nikon DSLR:* hapa ndipo watu wengi wanaumia. M42 inahitaji 45.46, Nikon inaanza na 46.5. Adapta ya ringi tupu itafunga vizuri kabisa, lakini vitu vya mbali havitakaza fokasi kamwe. Uso wa karibu utapata, mtu wa mwisho wa ukumbi hutampata. Zipo adapta zenye kiglasi ndani cha kurekebisha, ila kile cha bei rahisi kinaharibu ubora. Mwenye Nikon DSLR atafute lenzi za zamani za Nikon yenyewe. Lakini zile za kabla ya 1977 ambazo hazijarekebishwa zinaweza kuvunja kidude cha pembeni ya mdomo kwenye baadhi ya kamera, kwa hiyo muulize fundi kabla hujazungusha.

Kabla hujatoa hela: kagua hivi

Studio za mkanda zina historia ndefu nchini. Capital Art Studio ya Zanzibar, kwa mfano, ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Kwa hiyo usishangae ukikuta lenzi nzuri kwenye kabati la mzee aliyewahi kuwa na studio. Mwombe kwa heshima uikague:

1. Washa tochi ya simu, mulika kutokea nyuma, tazama mbele. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi. Iache.
2. Zungusha ringi ya tundu. Mapanga ya ndani yafunguke na kufunga bila kugoma, na yasiwe na mafuta.
3. Zungusha ringi ya fokasi mwanzo mpaka mwisho. Iwe laini, isikwame.
4. Tazama vioo. Mkwaruzo mdogo wa mbele si tatizo kubwa. Mkwaruzo wa kioo cha nyuma ni tatizo.
5. Kwa M42, angalia kama kuna pini ndogo nyuma. Kama ipo, nunua adapta yenye ukingo wa kuibonyeza, la sivyo tundu litabaki wazi muda wote. Helios 44-2 haina pini hiyo.

Ukiagiza kutoka nje, jumlisha usafiri na ushuru kwanza. Na mwenye Canon DSLR alinganishe na Canon 50mm f/1.8 iliyotumika, yenye fokasi yake yenyewe. Mara nyingine hiyo ndiyo rahisi zaidi.

Umeshafunga lenzi, kamera inagoma kupiga

Usiogope, haijaharibika. Kamera inadhani haina lenzi. Kwenye menyu ya Sony tafuta "Release w/o Lens", kwenye Fujifilm ni "Shoot Without Lens", kisha ruhusu. Halafu:

- Weka kamera kwenye A au M. Kwenye A, tundu unalipanga kwa mkono kwenye lenzi, kamera inachagua kasi.
- Kama kamera ina kitulizaji cha mtikisiko ndani ya mwili, iandikie milimita za lenzi, mfano 58. Ukiiachia namba isiyo sahihi, picha zinaweza kutikisika zaidi.
- Kumbuka kihisi kidogo kinavuta picha. Kwenye kamera za APS-C za Sony, Nikon na Fujifilm, zidisha kwa 1.5: lenzi ya 58 inaonekana kama 87. Chumba kidogo cha studio kitakubana.

Kufokasi kwa mkono

Washa ile huduma ya kamera inayopaka rangi kingo zilizokaza, kisha kuza picha kwenye skrini uhakikishe jicho la mtu limekaa. Rangi peke yake inadanganya kidogo ukiwa f/2.

Kwa nini uhangaike hivyo? Ukiwa mita 2 kutoka kwa mtu, na lenzi ya 58 kwenye f/2, sehemu inayoonekana kali ni kama sentimita 10 tu. Bi harusi akiinamia keki, ameshatoka. Funga mpaka f/4 na utapata karibu mara mbili ya hapo.

Kwa watu wanaotembea mchana, usikimbizane na fokasi. Weka f/8, panga ringi kwenye mita 4, wasubiri wafike. Hapo una eneo la kama mita 1.5 lililokaza. Ndiyo njia ya kupiga ngoma za Bulabo pale Bujora, Kisesa, kila Juni, au wabeba samaki wa Mwaloni Kirumba.

Kazi ipi ufanye, ipi usifanye

Fanya: picha za studio, picha za mtu mmoja mmoja, mapambo, pete, keki, chakula, bidhaa za dukani, video ya mahojiano. Kote huko mtu au kitu kimetulia, na ukikosea unarudia.

Usifanye: kuingia kwa maharusi, kuvishana pete, kukabidhi zawadi, mpira. Matukio haya hayarudiwi. Familia imelipa, wageni wengine wametoka Geita na Bariadi, na hakuna atakayekuelewa ukisema lenzi ni ya mkono. Kwa sehemu hizo tumia lenzi yenye fokasi yake, hata kama ni ile ya 18-55 na flashi. Lenzi ya zamani iwe ya pili mfukoni, siyo ya pekee.

Angalizo la jua: rangi ya kinga kwenye vioo vya zamani ni dhaifu. Ukipiga kuelekea jua linapozama nyuma ya Jiwe la Bismarck, picha inaweza kupauka. Kinga lenzi kwa mkono au sogea pembeni kidogo.

Unyevu wa ziwa

Kwetu kando ya Ziwa Victoria, adui mkubwa wa lenzi ni fangasi. Inapenda giza, unyevu na hewa isiyotembea, yaani mkoba wa ngozi kabatini wakati wa mvua. Ikishakula kioo, fundi anaweza kuifuta lakini alama inabaki.

Tumia kopo la plastiki linalofunga kabisa, tia vipakiti vya kukausha unyevu, vile vinavyokuja kwenye viatu vipya na mikoba. Vikichoka, badilisha. Mkoba wa ngozi usihifadhie lenzi. Itoe lenzi uitumie mara kwa mara, na lenzi yenye fangasi usiiweke pamoja na nzima.

Adapta mpya nayo ifute kabla ya kuifunga, maana za bei rahisi huja na vumbi la chuma linaloweza kuangukia kwenye kihisi. Na kama una lenzi mbili, nunua adapta mbili. Kila lenzi ikae na yake, upunguze kufungua kamera kwenye vumbi la barabarani.

Kwa kifupi

Anza na kamera, si na lenzi. Tazama umbali wa mdomo wa kamera yako kwenye orodha ya juu, chagua lenzi yenye namba kubwa zaidi, ikague kwa tochi, kisha ifanyie mazoezi nyumbani wiki mbili kabla ya kuipeleka kwenye kazi ya mteja.