Mvinyo na Pipa: Historia Fupi ya Divai Tamu ya Porto

Kiswahili kina maneno mawili kwa kinywaji cha zabibu: divai, lenye asili ya Kifaransa, na mvinyo, lililotoka katika Kireno. Zamani hili la pili lilitajwa pia kwa pombe kali iliyokenekwa. Wareno wenyewe walikuja kuviunganisha vinywaji hivyo katika pipa moja. Na pipa nalo ni neno lao.

Zabibu za bonde la mto Douro, kaskazini mwa Ureno, hupondwa, na hamira huanza kugeuza sukari kuwa kileo. Baada ya siku mbili au tatu, sukari ikiwa imesalia karibu nusu, hutiwa pombe kali ya zabibu yenye kileo cha asilimia 77, takriban sehemu moja kwa sehemu nne za maji ya zabibu. Hamira hufa, kuchacha hukoma, utamu hubaki. Divai hiyo huwa na kileo cha asilimia 19 hadi 22.

Desturi hiyo haikuanza kwa ajili ya utamu. Mwishoni mwa karne ya 17, vita viliwanyima Waingereza divai ya Ufaransa; mkataba wa Methuen wa 1703 ukaipa ile ya Ureno nafuu ya ushuru. Pombe kali ilitiwa kidogo tu, divai isiharibike baharini. Faida ilipokua, udanganyifu nao ulikua. Ndipo mwaka 1756 waziri Carvalho e Melo, aliyeitwa baadaye Marquês de Pombal, alipounda kampuni ya kusimamia biashara na kuamuru eneo la mizabibu liwekewe mipaka. Mwaka 1757 wakazi wa Porto waliasi ukiritimba wa kampuni hiyo. Baadhi yao walinyongwa.

Mwaka 1844 Joseph James Forrester, mfanyabiashara wa divai mjini Porto, alichapisha kijitabu akidai kwamba kutia pombe kali ni kuichafua divai halisi. Alikufa maji katika mto Douro mwaka 1861, na hoja yake ilishindwa. Leo sheria yaamuru jambo lile lile alilolilaani.

Basi, anayetafuta asili ya divai hii asiutazame mzabibu peke yake: bahari, ushuru na amri ya serikali vilishiriki kuiumba. Maneno pia huzaliwa hivyo, nasi tuliyapokea mvinyo na pipa kwa njia iyo hiyo ya biashara.